Kumwandikia Mtoto

Wako watu wengi wanaodhani kuwa kumwandikia mtoto ni kazi nyepesi. Husema kwamba msomaji akiwa mdogo, kazi nayo huwa ndogo. Kwamba maneno machache, picha nne au tano, na sungura mmoja mwerevu vyatosha kujaza kitabu. Mtu aliyeshindwa kuwaandikia watu wazima huambiwa ajaribu hadithi za watoto, kama mtu aliyeshindwa kuvuka ziwa kwa mtumbwi anavyoambiwa akaoge ufukoni. Mimi nami nilikuwa katika kundi la watu hao. Katika insha hii nataka kueleza jinsi mtoto mmoja alivyonitoa katika dhana hiyo, na kulichungua swali ambalo tangu siku ile halijaniacha: mtu akinuia kwa dhati kuandika kitabu cha watoto, akakipiga chapa na kukitoa ulimwenguni, anakuwa amejifunga kwa nani, na amejifunga kutenda nini?

Kwanza na tutazame jinsi hadithi zilivyowafikia watoto kabla ya vitabu. Katika nchi iliyo kusini ya ghuba ya Winam, ambayo zamani iliitwa Nyanza ya Kusini na leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, watoto wa Kijaluo walikuwa na chuo chao cha usiku. Chuo hicho kiliitwa siwindhe, nacho kilikuwa nyumba ya mama mzee, ambamo watoto walilala na kufunzwa adabu, mafumbo na hadithi. Humo walikutana na Apwoyo, sungura mwenye hila, na Obibi, zimwi mwenye tamaa isiyokwisha. Hadithi ilipofika mwisho msimulizi alitamka maneno ya kufungia, "thu tinda", ambayo ndani yake mna dua ya kukua na kurefuka.

Mama mzee yule alikuwa na jambo moja ambalo mwandishi hana: alikuwa na nyuso za watoto mbele yake. Mtoto aliyeogopa alimsogelea, naye akapunguza ukali wa zimwi. Mtoto aliyesinzia aliamshwa kwa wimbo. Mtoto aliyeuliza alijibiwa papo hapo, au aliambiwa angoje kesho, na kesho ilikuwapo. Hadithi ikimwumiza mmoja wao, dawa ilikuwa palepale penye jeraha. Mwandishi hakupewa bahati hiyo. Kitabu kikiisha kumtoka mikononi huenda mahali asipopajua, kikafunguliwa na mtoto asiyemjua, katika siku ambayo labda ni ya furaha na labda ni ya msiba. Nyuso ambazo mama mzee aliziona kwa macho, mwandishi hana budi kuziona kwa moyo. Asipoziona, atamdhuru mtu naye asijue kamwe kwamba amemdhuru.

Hayo mimi niliyajua baada ya kukosa. Karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, liko ziwa dogo la maji ya chumvi na magadi liitwalo Simbi Nyaima. Wataalamu wa miamba husema kuwa ni shimo la volkeno lililojaa maji. Wenyeji husimulia kisa chake kwa namna nyingine. Husema kwamba hapo palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu walikuwa katika karamu ya pombe na ngoma. Akaja kikongwe mmoja, mchovu, mwenye njaa, akaomba hifadhi. Watu wa karamu walimdharau na kumfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha na kumtunza. Kikongwe akamwambia awachukue watu wake aondoke upesi. Baada yake mvua kubwa ikashuka, kijiji kikazama na vyote vilivyokuwamo, na ziwa likabaki mahali pake.

Kisa hiki kina mafunzo yaliyo wazi. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na katika Simbi methali hiyo ilitimia kwa mwanamke mmoja na kuwapita jirani zake wote. Niliona kuwa hapa pana kitabu chepesi cha watoto. Nikakiandika kwa Kiswahili safi, kwa kurasa chache. Mwisho wake niliuandika kwa fahari, nikisema ya kuwa maji hayakumsaza hata mmoja katika waliokaa kijijini, maana hayo ndiyo malipo ya roho mbaya.

Mwaka 2021, shule zilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi upande wa Nyatike, kaunti ya Migori, nchi ya tambarare ambamo mto Kuja hupita kwenda ziwani. Siku moja niliwasomea wanafunzi wangu mswada ule kabla ya kuupeleka kwa mchapishaji. Walisikiliza kwa utulivu, nami nikafurahi. Nilipomaliza msichana mmoja, aliyekuwa na umri wa miaka kumi hivi, alisimama akasema, "Mwalimu, na watoto waliokuwa wamelala, wao walikosa nini?"

Nilimjibu, "Hiyo ni hadithi tu. Keti." Wenzake wakacheka. Akaketi.

Jioni yake mwalimu mwenzangu aliniambia jambo nisilolijua. Katika mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hata likafikia kimo cha mwaka 1964, ambacho wazee walizoea kukisimulia, na mito nayo ilivunja kingo zake. Nyumba nyingi za ufukoni, katika Migori na Homa Bay pia, ziliingiwa na maji. Nyumba ya kina msichana yule ilikuwa mojawapo. Yeye na nduguze walilala majuma mengi katika chumba cha darasa, na mifugo yao ilikwenda na maji. Basi nikafahamu kwamba hakuuliza juu ya watoto wa Simbi. Alijiuliza yeye mwenyewe. Mimi, mwalimu wake, nilikuwa nimesimama mbele yake na kumsomea kwamba maji huwajia watu wabaya.

Nataka vijana mlifikiri jambo hili kwa makini, maana ndani yake mna kiini cha neno langu. Mswada ule haukuwa na kosa la sarufi. Funzo lake lilikuwa la ukarimu, na nani atakayelaumu ukarimu? Katika nchi yetu kitabu cha shule hupita kwa watu wazima wengi kabla ya kumfikia mtoto. Mhariri hukisahihisha, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya hukipima, mzazi au serikali hukinunua, mwalimu hukichagua. Wote hao wangeweza kuridhika na kitabu changu, na mtoto akadhulumiwa vilevile. Hii ndiyo ajabu ya kazi hii. Msomaji wa kitabu cha watoto aghalabu hakinunui, hakichagui, wala hawezi kuandika gazetini kwamba kimemwumiza. Mtu mzima akisoma uongo hukitupa kitabu. Mtoto akisoma uongo hujitilia shaka nafsi yake. Kwa hiyo mwandishi wa watoto amejifunga kwa mtu asiye na uwezo wa kumdai. Ahadi ni deni, wasema wahenga, na deni zito kuliko yote ni lile ambalo mdai wake hajui kuwa anadai.

Baada ya kulitambua kosa langu nilitafuta njia ya kulitengeneza, na njia tatu zilinijia. Ya kwanza ilikuwa kuyafuta mafuriko: kikongwe afukuzwe, kisha watu wajute, waombe msamaha, na kijiji kipone. Lakini ziwa lipo. Mtoto wa Kendu Bay hulipita akienda shule. Nikimwambia kwamba hakuna kilichozama, nitakuwa nimekitoa kisa uti wake wa mgongo, tena nimemwambia mtoto wa Nyatike, aliyeyaona maji kwa macho yake, kwamba mambo ya namna ile hayatokei. Mtoto hahofu huzuni kama anavyohofu kudanganywa.

Njia ya pili ilikuwa kusema kwamba watoto nao walikuwa wabaya, kwamba walimrushia kikongwe mawe na kumcheka. Njia hii hupatanisha hesabu: kila aliyezama alistahili. Walakini ni njia ya ukatili. Humfundisha msomaji kwamba akimwona mtu katika dhiki, yampasa kuitafuta dhambi yake. Jamii iliyofundishwa hivyo haitafungua mlango kwa mwenye shida, na hapo ndipo funzo la Simbi litakapokuwa limejiua lenyewe.

Njia ya tatu ilikuwa kuacha hadithi kama ilivyo na kuyakataza maswali, kama nilivyofanya darasani. Iko hoja ya kuitetea njia hii. Mtu aweza kusema, "Kisa si chako, ni cha wazee. Nani aliyekupa ruhusa ya kukitengeneza?" Hoja hii ina haki yake, wala mwandishi asiidharau. Walakini wasimulizi wa siwindhe hawakuwa mashine za kurudia maneno. Kila mmoja alikisimulia kisa kwa namna yake, akirefusha hapa na kufupisha pale, kwa kadiri ya watoto aliokuwa nao. Urithi waliotuachia ni hadithi pamoja na uangalifu wa kuisimulia. Anayechukua maneno ya wazee na kuuacha uangalifu wao amerithi nusu tu.

Yamkini mtu mwingine atauliza kama si heri watoto waepushwe na visa vya mauti kabisa mpaka wakue. Najibu kwamba maisha hayawaepushi. Dawa chungu hupimwa kwa kijiko kulingana na umri wa mgonjwa. Haimwagwi chini kwa sababu ni chungu, wala haimiminwi chupa nzima. Ukweli nao hupimwa hivyo. Kupima si kuficha.

Basi nilirudi katika kisa, nikakitazama upya, nikaona jambo ambalo sikuliona mwanzoni. Kisa cha Simbi hakiulizi nani alistahili kuzama. Kinauliza nani alifungua mlango. Maji huja juu ya wema na waovu, na hakuna hesabu ya dhambi itakayoeleza kwa nini nyumba hii ilikwenda na ile ikasalia. Lakini mlango ni kazi ya mkono wa binadamu, nao hufunguliwa au hufungwa kwa hiari yake. Katika mwaka 2020 palikuwa na watu waliofungua milango: jamaa waliowapokea jamaa, na shule zilizowalaza watu wenye magodoro yaliyolowa. Huko ndiko Simbi ya leo iliko. Nikaandika upya. Katika mswada mpya mafuriko yamebaki. Lakini yumo mtoto anayemwuliza nyanya yake swali lile lile la msichana wangu, na nyanya hamwambii akae kimya. Anamwambia, "Hawakukosa kitu, mjukuu wangu. Kwa nini walikwenda nao, mimi sijui, na wazee wangu hawakuniambia. Ninalojua ni kwamba ukibishiwa hodi usiku, uamke ufungue."

Hapa naweza kuulizwa: ikiwa hatari za kitabu ni nyingi hivi, kwa nini usimsimulie msichana yule kwa mdomo, yakaisha? Ningelifanya hivyo kwa furaha. Lakini nilipokuwa tayari, hakuwapo tena. Wazazi wake walihama kwenda nchi ya juu, mahali nisipopajua. Sina njia ya kumfikia ila moja. Sauti yangu haiwezi kumfuata, kitabu chaweza. Chaweza kuingia katika maktaba ya shule nisiyoijua jina lake, kikamngoja. Hii ndiyo sababu ya kwanza na ya haki ya kupiga chapa: kumfikia yule ambaye sauti haimfikii.

Sababu hii si yangu peke yangu. Siwindhe zimekwisha, usiku wa leo mtoto hukutana na simu kabla ya kukutana na nyanya. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano watoto wengi wa ukoo wa Wasuba husema Kijaluo, na lugha ya babu zao imerudi nyuma. Hadithi isiyoandikwa hufa pamoja na ulimi ulioibeba. Katika Migori mtoto wa Kikuria na mtoto wa Kijaluo hukaa dawati moja, na Kiswahili huwapa ukumbi wa kukutania bila mmoja kuwa mgeni wa mwenziwe. Tena mtoto aliyekulia Muhuru Bay au Mbita ana haki ya kukuta katika ukurasa taa za wavuvi wa dagaa, ambao huku huitwa omena, zilivyotapakaa juu ya maji usiku kama mji. Akikuta siku zote theluji na matufaha tu, atadhani kwamba mahali pake hapastahili kuandikwa.

Wala si kweli kwamba vitabu ni mgeni wa jana katika nchi hii. Huko Gendia, karibu na Kendu Bay, misheni ya Waadventista ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1913 ilipata mtambo mdogo wa kupigia chapa. Mwaka 1938 Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo, alitoa kitabu chake cha mila na desturi za Wajaluo kwa lugha yao wenyewe. Ng'ambo ya ghuba, katika Rarieda, alizaliwa mwaka 1937 Asenath Bole Odaga, na maisha yake yatatufunza maana ya kunuia kwa dhati. Alikuwa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, naye akaona kwamba watoto aliowafundisha hawakuwa na vitabu vya kwao. Mwaka 1966 vitabu vyake vya kwanza vya watoto vilitoka. Katika mwaka huo huo Pamela Kola naye alitoa hadithi za jadi kwa watoto katika shirika la East African Publishing House la Nairobi, lililokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Odaga hakutosheka na kitabu kimoja. Aliendelea kuandika, kwa Kiingereza na kwa Kijaluo. Kisa cha Simbi Nyaima nacho kilipita mikononi mwake. Alirudi chuo kikuu akiwa mtu mzima, akaichunguza fasihi ya watoto kwa kina, na mwaka 1985 akatoa kitabu juu yake. Alianzisha kampuni yake ya uchapishaji mjini Kisumu, akashughulika na vitabu mpaka uzee wake. Alifariki mwaka 2014. Huyu hakuingia katika fasihi ya watoto kwa kushindwa kwingine.

Tofauti kati ya nia na tamaa ni ipi? Tamaa hupenda kuitwa mwandishi. Nia hukubali kuandika. Wako watu wenye hadithi nzuri vichwani ambao kila mwaka husema wataandika likizo ijayo, na likizo haiji. Tamaa hukasirika mswada ukirudishwa. Nia huuliza umerudishwa kwa nini. Wangu umerudi mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa kwamba nyanya anasema mno, na baada ya siku tatu za uchungu niliona ni kweli. Mara ya pili niliambiwa kwamba sentensi zangu ni ndefu kwa pumzi ya mtoto. Nilizisoma kwa sauti nikaishiwa pumzi mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimesimama wima nikitarajia mtoto apande juu ya kiti. Kuinama huku si kujidhili. Ni kwenda pale kitu kilipo.

Katika Migori iko ngome ya kale ya mawe iitwayo Thimlich Ohinga, ambayo mwaka 2018 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake zimejengwa kwa mawe yasiyochongwa, bila udongo wala saruji. Mawe ya nje yanaonekana, na ya ndani yanaonekana. Lakini kati yake yamo mengine yaliyoshindiliwa, yanayoshikamanisha pande mbili, na mpita njia hayaoni. Zimesimama kwa karne nyingi. Kitabu cha mtoto hujengwa hivyo. Mtoto huona picha na kisa. Haoni neno lililobadilishwa mara kumi, wala ukurasa mzuri uliotupwa kwa sababu haukuwa wa kweli. Hatalijua jina la uangalifu huo. Atajua tu kwamba ukuta haukumwangukia.

Je, ni vibaya kutaka ujira? La. Mjenzi hula kwa kazi yake, na mwandishi ana tumbo kama mjenzi. Ubaya huanza pale mwandishi anapomtazama mnunuzi hata akamsahau msomaji. Chukua fedha kwa mkono mmoja, lakini kalamu uishike kwa mkono unaomkumbuka mtoto.

Ninyi mnaosoma insha hii mmetoka utotoni juzi. Bado mwakumbuka ni kitabu gani kiliwafariji, na kipi kiliwaacha na swali ambalo mtu mzima alilicheka. Kumbukumbu hiyo ni mali. Wengi wetu tumekwisha kuipoteza. Kama mmoja wenu atashika kalamu siku moja, na aanze na swali lile alilonyamazishwa. Mimi nimeanza na la msichana wa Nyatike, na mswada wangu umekwenda kwa mara ya tatu. Kama utakubaliwa, sijui. Lakini yeye aliuliza kwa haki, akaambiwa aketi. Na mpaka jibu lake litakapokuwa mahali ambapo aweza kulifikia, mimi ndimi ninayepaswa kubaki nimesimama.